Sikio la Kushoto

Kila Jumatatu, kabla kliniki ya wajawazito haijaanza,
namfuta vumbi mama wa mpingo
anayekaa mlangoni mwa wodi ya wazazi, hapa Newala.
Kipande cha khanga kuukuu, mafuta ya nazi matone mawili.
Kiwi ya viatu sipaki. Huu ni mpingo kweli,
si mti wa kubabaishia wageni.

Namjua kuliko wanaompiga picha.
Magoti yake yameng'aa kwa viganja:
anayeingia na uchungu humshika hapo,
na wiki iliyopita binti mmoja wa Mkunya, mimba ya kwanza,
hakumwachia
mpaka muuguzi alipombandua kidole kimoja kimoja.

Wanaosifu husifu kilemba.
Kimelalia upande, mkunjo juu ya mkunjo;
utadhani upepo ukipanda kutoka Shimo la Mungu
kitapeperuka.
"Mti mgumu hivi," alisema bwana mmoja wa wizarani,
"na yeye kaulaza kama kitambaa!"
Akazunguka mara mbili, mikono nyuma.
Mimi nikaendelea kufuta.

Chini ya kilemba, kushoto, hakuna sikio.
Nimepitisha kidole. Hakulichonga.

Na mama mdogo Somoe,
aliyekalia kinu kilichopinduliwa miezi minne
ili fundi Chilindima apate mfano,
upande huo hasikii.
Mwaka ule malipo ya korosho yalichelewa,
akampiga kwa mpini wa tezo.
Tezo hiyohiyo.
Alinieleza akichambua mbaazi, bila kuinua uso,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Sasa fundi kafa, na vinywa vimefunguka:
wake watatu, mwanafunzi mmoja aliyekimbilia Masasi
na hakushika patasi tena.
Kamati ya hospitali ikakaa.
Katibu akasema, "Kazi ni kazi. Mti haujampiga mtu."
Bi Esha Nampyali akamjibu,
"Mpini na makali ni tezo moja, bwana katibu."
Mwenyekiti akataka awekwe stoo kwanza,
nyuma ya mitungi ya oksijeni,
hadi busara ipatikane.
Mimi nilikuwa nagawa chai. Hakuna aliyeniuliza.

Ningeulizwa, ningesema nini?
Kwamba nampenda, mpaka nina haya.
Kwamba kuna Jumatatu namfuta kila mahali
ila kilemba,
nakiacha na vumbi lake kwenye mikunjo,
na hiyo ndiyo mahakama yangu, haina karani.
Jumatatu inayofuata nakifuta
kwa sababu kinapendeza,
na mkono wangu unajua kinapendeza
kabla sijauruhusu.

Alhamisi mama mdogo alikuja kuchukua dawa za presha.
Hakuwahi kumwona tangu alipotoka uani kwake.
Akasimama mbele yake, mkoba kifuani.
"Kanipunguzia umri," akasema, akacheka kidogo.
Kisha akageuza sikio zima upande wangu
kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naongea.

"Gogo hili tulilitoa bondeni, Ruvuma.
Tukapanda nalo mlima, mimi mbele, yeye nyuma,
akinichekesha njia nzima.
Bega lilichubuka. Nilikuwa na mimba ya Hamdu."

Hakugusa goti. Aligusa kilemba,
akakivuta kwa kidole cha shahada,
kama mtu anayemfunua mtoto aone kama amelala.
Mpingo haukusogea.

"Wakimtoa hapa, wananitoa mimi," akasema.
"Na wakimwacha..."

Dirisha la dawa likaita jina lake.
Likaita tena.
Lilikuwa kushoto kwake,
nami nikamgusa bega.